Baada ya mchanga wa dhahabu, tusikubali mchanga wa nikeli

(Ifuatayo ni hotuba ya mwandishi wa habari wa kujitegemea, aliyoitoa mbele ya vijana wa Maganzo, wilayani Kishapu. Tunaichapa kama alivyoitoa. – Mhariri)



Nashukuru kwa kunipisha kwenye kijiwe chenu. Niseme mapema kwamba sikuja kuuza kadi ya chama. Gazeti litakalochapa maneno haya ni la chama, na mnajua lina upande wake. Lakini betri haiulizi kadi, na sumu yake haiulizi kadi. Kwa hiyo leo mwenye kijani na asiye na kijani akae, tuzungumze.

Naanza na kosa langu mwenyewe. Mwezi uliopita betri ya sola ya nyumbani kwetu ilikufa. Nikaifunga nyuma ya baiskeli, nikampelekea mnunuzi wa vyuma chakavu. Akaigeuza juu chini, akamwaga tindikali yote kwenye mtaro, hatua chache tu kutoka pale anapokaangia mihogo mama mmoja, halafu akaipima kwenye mizani na kunihesabia hela yangu. Sikumwambia neno. Nilikuwa nawaza hela, si mtaro. Nilipofika nyumbani ndipo nikaanza kujiuliza: yale maji yameishia wapi? Na ile risasi iliyomo ndani inakwenda wapi? Anayeiyeyusha ni nani, na mkononi kavaa nini?

Swali hilo la betri moja ndilo lililonifikisha kwenye swali la betri za dunia nzima. Maana hivi sasa Ulaya na China wanaacha magari ya petroli na kuhamia magari ya umeme. Gari la umeme halina tangi, lina betri. Na ndani ya betri hizo, kwa nyingi kati yake, mna nikeli, mna kobalti, mna shaba, mna lithiamu na madini ya kinywe. Nikeli na kobalti hizo zimelala hapa hapa kanda ya ziwa. Na kinu cha kuzisafisha kimepangwa kujengwa Kahama, mkoa mmoja na sisi.

Sasa je, sisi tutapata nini? Au ni yale yale?

YALE YALE NI YAPI?

Nyie wa Maganzo sihitaji kuwafundisha. Mmezaliwa mkiutazama uzio wa Mwadui. Mwaka 1940 Dk. Williamson aligundua almasi pale. Mwaka 1947 ikapatikana almasi ya rangi ya waridi, karati 54 na nusu, akapewa binti wa mfalme wa Uingereza, Elizabeth, kwa ajili ya harusi yake. Ilitoka hapa ikiwa jiwe. Ikakatwa London, ikabaki karati 23 na ushee, na hiyo ndiyo inayosifiwa duniani mpaka leo. Jiwe lilikuwa la Kishapu, lakini ufundi na jina vikawa vya London. Baadaye tulikuwa na kiwanda chetu cha kukata almasi pale Iringa, Tancut, nacho kikafa.

Halafu likaja la mchanga. Machi 2017 Rais Magufuli alipiga marufuku kusafirisha makinikia nje ya nchi. Makontena 277 yakazuiwa, ikaundwa kamati ya Profesa Mruma, redio zikawaka moto, kila kijiwe kikawa na mtaalamu wa madini. Tukaambiwa sasa tutajenga kinu chetu wenyewe. Bunge likapitisha sheria mpya, Serikali ikapewa hisa zisizopungua asilimia 16 katika migodi mikubwa. Wakubwa wakakaa na Barrick, wakakubaliana, ikaundwa kampuni ya Twiga. Mwaka 2020 makontena yakaanza kusafiri tena.

Sisemi makubaliano yale hayakuleta kitu. Yalileta fedha na yalileta hisa. Ninachosema ni kwamba kile kinu tulichokishangilia vijiweni hakikuja. Tulipiga makofi kabla ya kuuliza tarehe.

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Sasa tazameni unyasi wenyewe.

KABANGA NA KAHAMA

Kabanga iko Ngara, mkoani Kagera, karibu na mpaka wa Burundi. Nikeli yake imejulikana tangu miaka ya 1970, wataalamu wa Umoja wa Mataifa walipoitafiti. Yakaja makampuni makubwa, yakatoboa, yakapima, yakakaa na leseni mfukoni miaka na miaka bila kuchimba. Mwaka 2018 Serikali ikafuta leseni za kuhodhi maeneo, na ya Kabanga ikafutwa pamoja nazo. Hapo niwe mkweli, Serikali ilifanya jambo la maana.

Januari 2021 ukasainiwa mkataba mpya. Ikaundwa kampuni ya Tembo Nickel: Serikali asilimia 16, wawekezaji asilimia 84. Kampuni mama, Lifezone Metals, hisa zake zinauzwa katika soko la New York tangu mwaka 2023. Kilichowafurahisha watu katika mkataba huo ni ahadi kwamba nikeli haitasafirishwa kama mchanga. Itachimbwa Ngara na kusafishwa Kahama, pale Buzwagi palipokuwa na mgodi wa dhahabu uliofungwa. Mwaka 2024 leseni ya kinu ikatolewa, picha zikapigwa.

Julai 2025 kampuni ikatoa upembuzi yakinifu wake. Akiba ya mbale ni tani milioni 52 na ushee, uhai wa mgodi ni miaka 18, na katika kila tani ya mbale mna nikeli kama kilo 20. Mahesabu yao ni mazuri. Lakini someni vizuri, ndugu zangu. Mpango uliopigiwa hesabu pale ni wa mgodi na mtambo wa kuchenjulia Kabanga, na makinikia yake kuuzwa nje. Kinu cha Kahama kimesogezwa kwenye hatua ya baadaye.

Baadaye lini? Hapo ndipo pa kusimama.

Wenyewe wana sababu zao, na haki ni kuzisikiliza. Kinu ni fedha nyingi. Bei ya nikeli ilianguka kwa sababu Indonesia imeijaza dunia nikeli. BHP, jitu kubwa la madini, mwaka 2024 lilisimamisha migodi yake ya nikeli huko Australia, na mwaka 2025 likatoka Kabanga. Mwenye benki akiona hivyo anasema: anzeni na kidogo, uzeni makinikia, mkipata nguvu mtajenga kinu. Kwa mwenye benki ni busara. Lakini sisi tulishaambiwa "baadaye" mwaka 2017, na mtoto aliyezaliwa mwaka huo leo anasoma.

KUSAFISHA BILA TANURI

Sasa niwaeleze kinu chenyewe ni nini, maana tusipokielewa tutadai kitu tusichokijua.

Nani hapa amewahi kufanya kazi kwenye vati? Naona mikono. Basi nyie mnakijua kinu kuliko wabunge. Mnachukua marudio, mnayaweka kwenye vati, mnamwaga dawa, maji yanazunguka siku kadhaa, dhahabu inayeyuka ndani ya maji bila moto. Kisha kaboni inainasa, na kaboni inakwenda elusheni. Hakuna tanuri. Chuma kinatolewa kwenye jiwe kwa maji.

Kinu kinachosemwa cha Kahama ni binamu wa vati. Hakitumii sianidi. Makinikia ya nikeli yanaingizwa kwenye mtungi mkubwa wa presha, mithili ya sufuria ya presha ya kupikia maharage, yakiwa na maji, joto na hewa ya oksijeni. Nikeli, kobalti na shaba vinaingia kwenye maji. Vinatenganishwa kimoja kimoja, kisha umeme unapitishwa kwenye maji hayo na chuma kinaganda kwenye bamba. Unatoa bamba la nikeli safi, lenye bei yake sokoni.

Njia ya zamani ni tanuri. Makinikia yanayeyushwa kwa moto mkali, salfa inapaa angani kuwa moshi unaochoma vifua na mazao, na pale ambapo umeme ni wa makaa ya mawe, hewa ya ukaa inapaa vilevile. Indonesia ilizuia kuuza mbale ya nikeli nje kuanzia Januari 2020. Viwanda vikaja kweli, na leo zaidi ya nusu ya nikeli ya dunia inachimbwa kwao. Lakini viwanda vingi walivijengea mitambo ya umeme wa makaa ya mawe. Wamepata kazi na moshi kwa pamoja. Gari likifika Ulaya linaitwa safi, uchafu wake umebaki kijijini kwa watu.

Tena kuna jambo jingine la akili ya kawaida tu. Makinikia ya nikeli, nikeli yenyewe haifiki hata robo. Sehemu kubwa ni chuma na salfa. Kwa hiyo ukipakia lori Ngara hadi bandarini, halafu meli hadi ng'ambo, unachoma dizeli kubeba takataka! Ukisafisha Kahama unasafirisha nikeli, na takataka huibebi.

Wenye teknolojia wanasema njia yao inatumia umeme kidogo kuliko tanuri na haitoi moshi wa salfa. Ni wauzaji, lazima waisifu bidhaa. Sisi tudai mizani: wapime, watangaze, na watu wengine wapime pia. Lakini kanuni yenyewe si uganga, na nyie wa vati mnaiona.

UMEME WA KISHAPU

Kinu cha namna hiyo kinakula umeme mwingi. Kama umeme ni wa makaa, habari ya usafi imekwisha. Hapa ndipo Kishapu inapoingia.

Mwaka 2023 ulisainiwa mkataba wa mtambo wa umeme wa jua katika kijiji cha Ngunga, wilaya hii hii. Awamu ya kwanza ni megawati 50, ya pili 100, jumla 150, fedha zikiwa mkopo kutoka Shirika la Maendeleo la Ufaransa. Jua lile lile lililotukaushia mtama sasa limepewa kazi. Kule Ngara kwenyewe kuna maporomoko ya Rusumo, megawati 80, tunazogawana na Rwanda na Burundi. Rufiji liko bwawa la Nyerere, megawati 2,115. Ni kweli gridi yetu bado inachoma gesi, nisiwadanganye. Lakini ukilinganisha na nikeli inayosafishwa kwa makaa, tuna jambo la kujivunia na, zaidi ya hapo, jambo la kuuza.

Nasema la kuuza kwa sababu Ulaya walipitisha kanuni ya betri mwaka 2023. Kwa mujibu wake mwenye kuuza betri ya gari atatakiwa kutaja hewa ya ukaa iliyotumika kuitengeneza. Na kuanzia mwaka 2031 betri mpya itatakiwa kuwa na madini yaliyorejelezwa: kobalti asilimia 16, nikeli asilimia 6, lithiamu asilimia 6. Maana yake nikeli yenye cheti cha usafi inaweza kupata mnunuzi pale ambapo ya makaa inakataliwa. Makinikia hayana cheti hicho, kwa sababu usafi au uchafu unaamuliwa pale yanaposafishwiwa, na pale si kwetu.

BETRI IKIFA

Sasa nirudi kwenye betri yangu.

Nikeli haizeeki. Betri ya gari ikichoka, nikeli iliyomo ni ile ile. Betri inafunguliwa, inasagwa, unapatikana unga mweusi, na unga huo unalowekwa kwenye tindikali ili madini yatoke tena. Mmesikia? Ni vati tena. Kinu kinachoweza kusafisha makinikia kwa maji ni ndugu wa kinu kinachoweza kusafisha unga wa betri. Kampuni yenyewe inalijua hilo. Januari 2024 ilitangaza ubia na Glencore wa kurejeleza platinamu na paladi kutoka kwenye vichujio vya moshi vya eksozi za magari chakavu, kwa teknolojia yake hiyo hiyo. Kiwanda hicho kilipangiwa wapi? Marekani.

Nisizidishe chumvi. Betri za magari ya umeme zilizokufa hapa nchini bado ni chache, haziwezi kulisha kinu peke yake. Tena bajaji na pikipiki nyingi za umeme zina betri za aina isiyo na nikeli kabisa. Ndiyo maana nasema kinu cha madini ya mgodini kitangulie, na betri chakavu za nchi hii na za majirani zije kuongezewa humo kadiri zinavyoongezeka. Mgodi utakufa baada ya miaka 18. Kinu kinachojua kurejeleza hakina sababu ya kufa siku hiyo. Buzwagi inatukumbusha kitu hicho, dhahabu ilipokwisha mgodi ulifungwa na vijana wakarudi nyumbani.

Na betri ya risasi kama yangu, hiyo haiendi kwenye kinu cha nikeli. Inataka kiwanda chake chenye vichujio na sheria. Bila hivyo inakuwa Owino Uhuru. Hicho ni kitongoji cha Mombasa, Kenya, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilifanya kazi mpaka 2014. Risasi ikaingia kwenye damu za watoto. Mama mmoja aliyekuwa mfanyakazi pale, Phyllis Omido, akagundua mwanawe amelishwa risasi kwa maziwa yake mwenyewe. Akaanza kupiga kelele, akakamatwa, hakunyamaza. Mwaka 2020 mahakama ikawapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Rufaa ikaitengua, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Miaka kumi tangu kiwanda kufungwa!

Kwa hiyo neno "kurejeleza" lisitulevye. Kurejeleza kwa hovyo ni sumu yenye jina zuri. Na hata kinu cha maji kina tope lake, lazima lihifadhiwe mahali. Hapa kwetu Novemba 2022 ukingo wa bwawa la tope la Mwadui ulipasuka, tope likafunika mashamba na nyumba za Ng'wang'holo. Mnaijua harufu yake. Kwa hiyo anayetuletea kinu atuonyeshe na bwawa.

TUDAI NINI?

Wapo watakaosema mimi napinga maendeleo. Kinyume chake, mimi nakitaka kinu kuliko wao. Nadai mambo manne tu.

La kwanza, tarehe. Kama makinikia ya nikeli lazima yauzwe nje mwanzoni, basi iandikwe mwisho wake ni mwaka gani, na tozo iongezeke kila mwaka kinu kinapochelewa. Mwanza kinu cha kusafisha dhahabu kilifunguliwa mwaka 2021, na shirika la Serikali, STAMICO, lina hisa ndani. Kwa hiyo tusiambiwe haiwezekani.

La pili, mkataba. Mali bila daftari hupotea bila habari. Sheria ya uwazi ya mwaka 2015 inataka mikataba ya madini itangazwe. Mwenye hisa wa New York anapewa taarifa kwa sheria ya kwao. Mwenye asilimia 16, ambaye ni wewe, unasubiri picha za makabidhiano. Itangazwe, na iwe kwa Kiswahili.

La tatu, ufundi. Kinu hakitaki wapiga sururu, kinataka watu wa kupima tindikali, watu wa umeme, watu wa maabara. Mafunzo hayo yaanze VETA sasa, siyo siku ya kukata utepe. La sivyo mtaajiriwa kulinda geti na kufyeka nyasi, halafu mtaambiwa hamna sifa. Kijana aliyezungusha vati miaka mitano ana nusu ya elimu hiyo tayari. Kinachokosekana ni cheti na usalama.

La nne, betri chakavu. Anayeuza betri mpya alazimishwe kupokea ya zamani ikiwa na maji yake ndani, na ailipie. Huyo mnunuzi wa vyuma chakavu si adui. Apewe mapipa, glavu na mahali pa kupeleka, atakuwa wa kwanza kufuata. Anamwaga mtaroni kwa sababu bei inahesabu risasi, haihesabu tindikali.

Ndugu zangu, hili la nne halihitaji Dodoma. Linaanzia kwenye Baraza la Madiwani la Kishapu. Nimeandika barua ya ukurasa mmoja kumwomba diwani alipeleke kikaoni. Barua haina nembo ya chama chochote. Karatasi iko hapa, kalamu iko hapa. Nami nimeshamrudia yule mnunuzi, nimemsomea barua, ametia dole gumba la kwanza.

Nimemaliza. Anayetaka kusaini aje mbele, na mwenye swali aulize, hasa nyie wa vati.